Barua Iliyolala Chini ya Rejista

Masijala ya Hospitali
4 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza zilianza kwa habari za mvua, na mojawapo ilifika ukurasa wa pili kabla sijatambua kwamba naogopa kufika kwenye jambo lenyewe. Basi naanza na jambo lenyewe.

Nimekuta barua ambayo haikutumwa, na aliyeilaza ni mimi.

Unajua kazi yangu ni kutaipu barua za madaktari kwenda kwa wagonjwa walioko majumbani: majibu yako yametoka, kitanda kimepatikana, njoo tarehe fulani. Kila barua ina mstari wake kwenye rejista, na mwisho wa mstari hugongwa muhuri wa zamani wenye neno moja la Kiingereza, INFORMED, yaani mhusika amearifiwa. Muhuri huo unafungiwa kwenye droo ya bosi wetu, na ndiyo maana asipokuwepo tunamwita Bwana Muhuri. Anautoa Ijumaa saa tatu asubuhi, anagonga mistari yote ya wiki kwa mkupuo mmoja, ga, ga, ga, kisha anaufungia tena. Barua zenyewe tarishi huja kuzichukua saa sita. Kwa hiyo katika rejista yetu kila mtu huwa ameshaarifiwa wakati barua yake bado iko mezani kwangu.

Tarehe 15 Machi nilitaipu barua ya mama mmoja, fundi cherehani, anayekaa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nilipoikunja ikaenda upande. Bwana Muhuri hapendi barua iliyokunjwa vibaya, na wiki ileile alikuwa amenisema mbele ya wenzangu kwa ajili ya bahasha yenye alama ya kidole. Nikaikunjua, nikaiweka chini ya rejista ya mwaka juzi, lile buku zito lisilofunguliwa na mtu, inyooke kwa dakika kumi. Mstari wake ukagongwa muhuri. Tarishi akaja, akaenda. Nikasahau.

Jana tulisogeza kabati ili ukuta upakwe rangi. Barua ilikuwa imenyooka sana, dada. Mkunjo hauonekani kabisa.

Inasema uvimbe wa shingo yake umepimwa na hautakiwi kuachwa, afike ndani ya wiki mbili apangiwe upasuaji. Wiki mbili. Zimepita kumi na moja.

Kipindi changu cha majaribio kinaisha mwisho wa mwezi huu. Sijamwambia mtu. Simu ya ofisi ina kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa Bwana Muhuri, na hata ningeupata, fundi yule hana simu. Lakini usidhani nimekaa tu. Asubuhi ya leo nimemwandikia, na nakala naiambatisha. Niambie kama iko sawa.

Nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine, na pia kwa kuwa wewe unajua hali yangu. Tangu mwaka ule wa mtihani, nilipopewa pole ya msiba wa Mama na mlinzi wa shule kabla sijapata neno lolote kutoka nyumbani, siwezi kufungua bahasha bila kuigeuza kwanza mara mbili tatu. Na sasa mimi ndiye mwenye bahasha.

Mdogo wako

*

Masijala ya Hospitali
4 Juni

Kwa Fundi Cherehani, nyuma ya Kiwanda cha Sabuni

YAH: KUHAKIKI TAARIFA ZA MGONJWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika kuweka sawa kumbukumbu za ofisi, imeonekana kuna haja ya kuhakiki baadhi ya taarifa zako, ikiwemo anwani. Unaombwa kufika masijala mapema iwezekanavyo, kwa nafasi yako, siku yoyote ya kazi.

Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote.

Karani
Kny. Mkuu wa Masijala

*

Kibandani kwangu
8 Juni

Bwana Karani,

Salamu. Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hofu na ya pili kwa kucheka. Nilipoona bahasha ya hospitali nikakalia mkasi. Kumbe mnataka anwani! Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama nimeposwa.

Ngoja nikueleze ili unielewe. Nilipokuja kupimwa shingo, muuguzi wenu, yule mwenye mwanya, aliniambia, "Mama, tukikuta kitu tutakuandikia. Ukiona kimya, lala usingizi." Wiki ya kwanza sikula. Wiki ya pili nilikuwa nikimsikia mwenye baiskeli barabarani nadhani ni posta, natoboa kidole kwa sindano. Ya tatu hivyohivyo. Ilipofika ya tano nikasema aa, hawa wameshasema, wamesema kwa kunyamaza. Nikapika, nikaita majirani, nikala kama mtu aliyetoka kifungoni. Kwa hiyo ufikishe shukrani zangu huko. Kimya chenu kimenipa raha ambayo sijaiona tangu marehemu mume wangu alipokuwa hai.

Uvimbe wenyewe upo, umeshakuwa mwenyeji. Kola zangu nimezitanua nusu inchi, nadhani nimenenepa kwa furaha.

Sasa hizo taarifa. Anwani ni ileile, na ndiyo barua yako ikanikuta. Jina lilelile. Umri umeongezeka lakini msiuandike. Kuja siwezi kwa sasa, nina sare za shule mia na ishirini na mwalimu mkuu ananijia kila siku kama nimemwibia. Nitapita mwezi wa nane.

Sahihi yako ni ya kijana, tena kijana mwoga, imebana kama tundu la kifungo. Legea kidogo, baba. Hakuna anayekufukuza.

Fundi

*

Shuleni, chumba cha walimu
9 Juni

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea hapa mezani, na mwalimu wa hesabu akaniuliza nani amekufa. Nikamjibu hakuna, bado.

Sikuandikii kukugombeza. Ila kaa chini.

Wiki hii nafundisha kidato cha pili kitenzi kimoja cha Kiingereza, "tell", yaani kuambia. Ni kitenzi kifupi, wanafunzi walidhani tutakimaliza kabla ya kengele, na leo ni siku ya tatu tunacho. Mwingereza anakitumia kusimulia hadithi na kusema uongo, kusema kweli, kuamuru, kufichua siri, kutambua pacha huyu na yule, hata kujua saa ngapi. Yule msichana wa dawati la mbele asiyejua kunyamaza akaniuliza, "Mwalimu, kwani saa inamwambia nani, na sisi ndio tunaoiangalia?" Darasa likavunjika. Halafu mmoja wa nyuma, ambaye sijamsikia tangu Januari, akainua mkono. "Mwalimu, na kama umemwambia mtu kumbe alikuwa amelala?" Nikamjibu, basi hujamwambia. Umesema tu, wewe na ukuta.

Nikakukumbuka. Lile neno la kwenye muhuri wenu ni ndugu yake hili, ila ni ndugu aliyevaa tai. Yeye anaridhika na karatasi. Huyu wangu wa darasani haridhiki mpaka awepo mtu wa pili, na mtu huyo awe amesikia.

Nakala ya barua yako kwa fundi nimeiona, na naona unangoja nikusifu. Ni safi. Haina kosa hata la nukta. Na ndani yake hakuna kitu, Kitinda. Mwanamke ana hatari shingoni, wewe unamwuliza anwani, tena unamwuliza kwa barua uliyoituma kwenye anwani hiyohiyo! Kama si machozi ningecheka.

Najua kazi hiyo ulivyoitafuta. Nilikusindikiza kwenye usaili, nakumbuka ulivyopiga pasi hata soksi. Lakini fanya hivi, na kwa mpangilio huu: nenda kwa daktari, halafu nenda kwa fundi, mwenyewe, kwa miguu yako. Halafu ndiyo bosi. Ukianza na bosi utaogopa, na ukiogopa utaandika barua nyingine safi.

Na kuhusu ulichosema, mlinzi wa shule na pole ya Mama. Nimekisoma. Nitakujibu. Si leo.

Dada yako

*

12 Juni

Mama Fundi,

Shikamoo. Barua hii naileta kwa mkono wangu kwa sababu siamini tena trei ya barua, wala tarishi, wala mimi mwenyewe nikiwa mbali nayo. Ningeweza kukwambia kwa mdomo lakini najijua, ningezunguka. Nitasimama hapo mlangoni mpaka uimalize. Kama hutaki kuniona, nioneshe kwa mkono tu, nitangoja ng'ambo ya barabara.

Barua yangu ya tarehe 4 ilikuwa uongo. Kila neno ndani yake lilikuwa sahihi, na yote kwa pamoja ilikuwa uongo. Hatuhitaji anwani yako.

Hospitali ilikuandikia tarehe 15 Machi. Barua yenyewe ni hii iliyo ndani ya bahasha ndogo, ya daktari, isome baada ya hii. Niliitaipu mimi. Nikaiweka chini ya buku zito ili mkunjo wake unyooke, kwa sababu niliogopa kusemwa, nikaisahau hapo wiki kumi na moja. Kimya ulichokisikia hakikuwa cha hospitali. Kilikuwa changu. Ulipopika ukaita majirani, ulikuwa unakula juu ya kosa langu, na mimi ndiye niliyekuacha ule.

Kola zako hazikubana kwa furaha, mama. Naomba unisamehe kwa kuandika sentensi hiyo, lakini nimegundua kwamba nisipoiandika nitakuwa nimekuja bure.

Nimeonana na daktari leo asubuhi. Alinitukana, kisha akasema: "Aje kesho saa mbili. Asile kitu. Nitamwona kabla ya wote." Nilimwuliza kama muda bado upo. Akasema hawezi kujua mpaka amwone mwenyewe, na kwamba kila siku moja sasa ina thamani.

Sare mia na ishirini nazijua. Nitakwenda kwa mwalimu mkuu mimi mwenyewe nimweleze, na sitatoka hapo kabla ya kumweleza kosa ni la nani.

Sikwambii usiogope. Sina haki hiyo.

Karani

*

Masijala ya Hospitali
14 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimefanya kwa mpangilio ulionipa. Fundi amelazwa tangu jana, kitanda cha dirishani, wodi ya pili. Alivyonitazama alipomaliza kusoma sitakusimulia, siyo yangu kusimulia.

Bwana Muhuri nilimwambia jana jioni, nikiwa nimesimama. Alikuwa anafuta miwani. Akaendelea kuifuta nilipokuwa naeleza, akafika mwisho akaanza kuifuta upya.

"Nani mwingine anajua?"

"Daktari, mgonjwa, na dada yangu."

"Dada yako anafanya kazi hapa?"

"Hapana, mzee. Ni mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Kiingereza."

Akaguna kama mtu aliyesikia jambo baya zaidi. Kisha akaifungua rejista, akautafuta mstari, akaweka kidole juu ya muhuri wake. "Huu nimegonga mimi," akasema. "Barua ilikuwa chini ya buku, na mimi nimegonga." Nikasema ndiyo mzee. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilifundishwa hivi na aliyenitangulia, naye alifundishwa na Mzungu. Tangu nianze nagonga. Sijui ni wangapi."

Sikufukuzwa. Majaribio yameongezwa miezi sita na nimepewa barua ya onyo kali. Barua hiyo niliitaipu mwenyewe, kwa sababu mtaipu ni mimi. Alinisomea, nikaandika: "Umeonesha uzembe usiovumilika." Nikamwuliza usiovumilika ni neno moja au mawili. Akasema, "Moja. Na nyoosha mgongo." Ilipokwisha akasaini, nikajikabidhi, nikaiandika kwenye rejista. Akaunyanyua muhuri, akausimamisha hewani, akaniuliza, "Umeisoma?" Nikasema nimeisoma. Ndipo akagonga. Dada, katika miezi yangu yote hapa ni mara ya kwanza kumsikia akiuliza.

Sasa na mimi niulize. Nilipokuwa naandika barua ya fundi nilikuwa nafikiri kwa nini mtu anayejua jambo humnyima anayehusika, na kila sababu niliyoipata ilikuwa na sura yako. Ile barua uliyonitumia shuleni wiki ya kwanza ya mtihani ninayo mpaka leo. Inasema, "Nyumbani hatujambo, soma kwa bidii." Mama alikuwa ameshazikwa siku tatu. Kwa nini hukuniambia? Siulizi kwa hasira. Zamani ilikuwa hasira. Sasa nimeshakaa upande wako wa meza, nataka kujua tu.

Mdogo wako

*

Wodi ya pili, dirishani
17 Juni

Bwana Karani,

Kesho wananipasua, na muuguzi mwenye mwanya amenikatalia chai, basi nina nafasi ya kukusema vizuri.

Ulikuja ukasimama mlangoni kama mtu aliyeleta suruali ipunguzwe. Nikasema huyu mteja mbona kalowa jasho hivi. Nikaanza kusoma, nikafika pale penye nusu inchi, mashine ikaendelea kwenda peke yake, mguu wangu ulikuwa umesahau kutoka kwenye pedali. Sketi ya mtoto wa watu nimeishona mpaka kiunoni, haina pa kuingilia. Nilitaka kukurushia pasi. Bahati yako ilikuwa ya moto na iko mbali.

Nilikuchukia, mwanangu, nisikufiche. Njia nzima kuja hapa nilikuchukia. Wewe ulikuwa unanifuata nyuma umebeba mfuko wangu wa nguo, hatua kumi nyuma, na kila nikigeuka unasimama.

Usiku wa kwanza hapa nikakaa nikafikiri. Nikasema, huyu angeweza kunyamaza. Barua ingerudi chini ya lile buku. Mwezi wa nane ningekuja kuhakikiwa anwani yangu, na kama nisingekuja, muhuri wenu ungesema niliambiwa nikapuuza. Watu wangesema fundi alikuwa mkaidi, alishonea watu sare mpaka akafa. Hata kifo changu kingekuwa kosa langu.

Kwa hiyo nimekusamehe, lakini usifurahi sana. Msamaha wenyewe nimeupiga bandi tu, uzi mrefu mrefu, ukivutwa unatoka. Kuushona nitaushona nikitoka salama. Nisipotoka salama ubaki na hiyo bandi, ndiyo niliyokuwa nayo.

Mwalimu mkuu amekuja kuniona. Anasema kuna kijana alimwendea amevaa tai, akamweleza mambo kwa dakika ishirini bila kukaa. Amenisogezea sare mpaka Septemba. Nikamwuliza huyo kijana alisema nini. Akasema, "Alisema kosa ni lake, mara sita. Nilihesabu."

Fundi

*

Shuleni
29 Juni

Kitinda,

Marahaba. Nimekaa na swali lako wiki mbili, ujue sikulikimbia.

Nilijiambia nakulinda. Mtihani ulikuwa wa siku kumi na sita, na Mama kabla hajafumba macho alisema, "Mtoto afanye mtihani wake." Nikaibeba kauli hiyo kama cheti. Kila mtu aliyeuliza kama umeambiwa nilimwonesha. Lakini Mama hakusema udanganywe. Alisema ufanye mtihani. Hilo la "nyumbani hatujambo" ni langu peke yangu.

Ukweli ni kwamba niliogopa kilio chako. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimezika, nimepokea watu, nimekunja nguo zake. Nilijua nikikwambia itabidi nikushike na wewe, na sikuwa na mikono iliyobaki. Basi nikakuacha ujue vyovyote vile, ukaja kujulia kwa mlinzi wa geti. Darasani nafundisha kwamba kitenzi kile kina matumizi chungu nzima, na mimi kwa mdogo wangu mmoja nilishindwa lile la kwanza kabisa, kumwambia.

Lakini niliandika. Hukulijua hilo. Niliandika siku ileile ya maziko, nikaibandika stempu, nikaishika mpaka posta, nikarudi nayo. Imekaa kwenye sanduku la bati, chini ya nguo za Mama, miaka mitano. Uliponiandikia kuhusu fundi na lile buku, nililikalia sanduku hilo nikijifanya nasahihisha madaftari.

Naituma sasa. Sijaifungua, sijairekebisha, na mwandiko ni mbaya.

Dada yako

(ndani yake, katika bahasha iliyogeuka rangi)

30 Oktoba

Mdogo wangu,

Mama amefariki jana alfajiri. Leo tumemzika. Hakupata maumivu mwishoni, alikuwa anazungumza nami vizuri. Alikutaja. Alikuwa anatutambua kwa hatua zetu koridoni hata macho yakiwa yamefumba, na jana kabla ya kukata roho alisema, "Huyu anayekuja ni wa mwisho wangu." Alikuwa jirani tu aliyeleta maji. Sikumwambia kwamba si wewe. Nikasema ndiyo Mama, amefika.

Lia hapohapo ulipo. Nakuja kukuchukua.

Dada

*

Nyumbani, nyuma ya Kiwanda cha Sabuni
12 Julai

Bwana Karani,

Nakuandikia kwa sababu kusema nimekatazwa. Kibanda changu kimekuwa cha ajabu, wateja wanapiga kelele na mimi nawajibu kwa chaki kwenye kitambaa. Jana mmoja alibishana nami kuhusu urefu wa gauni, tukaandikiana kitambaa kizima, akashindwa, akalazimika kukinunua.

Daktari amenieleza bila kuzunguka, naona mmeanza kuambukizana. Uvimbe ameutoa wote anaouona. Anasema ningekuja Machi angekata kidogo. Sasa amekata sana, kwa kuwa ulikuwa umeshika mshipa wa sauti, kwa hiyo sauti itarudi lakini ya kukwaruza, pengine daima. Nilikuwa naimba nikishona. Nitalazimika kusikiliza redio kama watu wengine. Hilo nakwambia kwa sababu wewe ulinifikishia langu lote, na mimi sitaki kukupunguzia lako.

Ila mimi ni mzima. Naambiwa nirudi kliniki kila miezi mitatu waangalie.

Barua ya kliniki yenyewe imenifikia jana, na ndani nimekuta kikaratasi cha ajabu: "Nimeipata. Nimeisoma. Sahihi. Tarehe. Tafadhali rudisha masijala." Tarishi anasema siku hizi bosi wenu hagongi muhuri mpaka kikaratasi kirudi, na ukichelewa anatumwa mtu mlangoni. Aliyebuni hilo ni wewe. Usinibishie. Nimekisaini, kiko humu ndani.

Na humo ndani kuna shati. Nilikupima kwa macho siku ile uliposimama mlangoni, nilikuwa na hasira lakini jicho la fundi halingoji ruhusa. Kola nimekuachia nusu inchi. Wewe ni mtu wa kubanwa na kola.

Ukilitazama upande wa ndani utaona limeshonwa lote. Hakuna bandi.

Mama yako Fundi

*

Masijala ya Hospitali
14 Julai

Dada yangu,

Shikamoo.

Bahasha yako ilifika tarehe 5 na leo ndiyo nimeifungua, hii ya ndani. Nilikuwa nimeiweka juu ya meza, wazi, mahali ninapoiona. Chini ya kitu chochote sikuiweka. Leo nimevaa shati alilonishonea fundi, nikaona nina nafasi ya kupumua, nikafungua.

Nimelia hapohapo nilipo, kama ulivyoagiza. Bwana Muhuri aliniona, akanigeuzia mgongo kukagua ukuta uliopakwa rangi, ukuta ambao alishaukagua asubuhi.

Ulifanya vizuri kumwambia Mama kwamba nimefika. Mwisho wa mwezi nakuja kwako kwa basi la kwanza. Unisubiri mlangoni, nataka kuona kama utanitambua kwa hatua.

Ofisini kuna utaratibu mpya, kila aliyepata barua anasaini kikaratasi na kukirudisha. Nakurudishia kilicho chako.

Nimeipata. Nimeisoma.
Sahihi: mtoto wa mwisho wa Mama
Tarehe: 14 Julai